Mkalimani Aliyevua Viatu

Niseme mapema kwamba sikumpenda. Watu wakishakufa tuna desturi ya kuwapamba, na huyu sitaki kumpamba, maana hata yeye angenicheka. Alikuwa jirani yangu miaka mingi, nyumba yake na yangu zikitazamana juu ya ziwa la chumvi, mwendo wa nusu siku kutoka Ilongero, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuwa na hakika kwamba neno aliloniambia lilikuwa zima. Kila mtu alimwita Mkalimani, kuanzia Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, hadi watoto wachunga ndama. Jina alilopewa na mama yake nalijua, lakini silitaji. Ukoo wake sikuujua, na nadhani alipenda iwe hivyo.

Watu walivijua viatu vyake kabla hawajamjua mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, alivinunua kwenye duka la Mhindi mjini Singida. Kila asubuhi alivipaka mafuta ya ng'ombe na kuvisugua kwa kitambaa mpaka ving'ae, kisha akaenda navyo barazani akikwepa matope kama paka. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajitesa namna ile, maana alitembea kama mtu aliyebanwa vidole. Akanijibu kwamba mkalimani akisimama miguu mitupu mbele ya serikali, serikali itamhesabu upande wa washitakiwa.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Aliwabebea mizigo askari katika vita vya Mjerumani, mzinga ukalia karibu naye, na tangu hapo upande ule hakusikia hata ngoma. Sisi tulicheka sana. Serikali nzima, na mali yake yote, imeajiri nusu kiziwi aisikilizie! Lakini yeye alisema mtu asiyesikia vizuri ndiye anayesikiliza. Ukizungumza naye alikukazia macho mdomoni, na ukipiga mguu chini alijua umekasirika kabla hujafungua kinywa. Alijua Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kiswahili na Kiingereza, na mbuzi wake aliwagombeza kwa Kiingereza tu, kwa sababu, alisema, ndiyo lugha inayofaa kwa kazi hiyo.

Kazi yake yenyewe ndiyo iliyonitia shaka. Barazani mzee angesema mpaka jua lihame, aeleze mambo tangu babu zake, alie, acheke, aape, kisha Mkalimani angemgeukia Mzungu na kusema maneno matatu. Hayo mengine yalikwenda wapi? Nilimwuliza mara nyingi. Yeye alikuwa na msemo wake: "Maneno ni mzigo, mimi ni mpagazi, na mpagazi hali mzigo." Nami nilimjibu kwamba mpagazi wa chumvi hulamba vidole. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, maana chumvi ndiyo iliyonilisha. Mume wangu alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na mimi nilibaki na binti yangu Yunisi, nikikwangua udongo wa ziwani, nikiuchuja kwa maji katika vyungu vilivyotobolewa, nikichemsha maji yale mpaka yaache chumvi.

Siku moja baba mkwe wangu alishitakiwa kwa mbuzi aliyekula mtama wa mtu. Alisimama barazani akasema maneno makali, kwamba mbuzi ana haki zaidi ya huyo mwenye shamba, kwamba hatalipa, kwamba afe kwanza. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Bwana Shauri, akasema kitu kifupi. Bwana Shauri akatabasamu, akafunga kitabu. Kesi imekwisha. Yunisi alikuwa ameanza kujifunza Kiingereza shule ya misheni na alikuwa ameketi kando yangu, akaninong'oneza kwamba Mkalimani amesema mzee anaomba samahani. Baba mkwe alikufa bila kujua kwamba aliwahi kuomba samahani. Wengine nyumbani walifurahi kwamba hakufungwa. Mimi nilirudi nikiwa na hofu, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu anaweza kuweka neno kinywani mwa mtu yeyote, na mwenye kinywa asijue.

Jambo jingine, hakula kwa mtu. Ungemkaribisha ugali na mlenda, angeketi, angesifu harufu, angeulizia watoto, kisha angeondoka bila kunawa. Kwetu anayekataa chakula chako amekushuku, basi nasi tukamshuku. Lakini ndiye huyo huyo aliyemfundisha Yunisi kusoma jioni tatu kila wiki, bila kudai hata yai. Nilikaa mlangoni wakati wote wa masomo hayo nikitafuta ubaya, nisiuone, na kutouona kukanikera zaidi.

Sasa nifike kwa Wageni, maana bila wao mtu huyu angekuwa mtumishi wa boma kama wengine.

Walishuka kutoka angani mwezi wa mavuno, mchana kweupe, kwa mlio kama wa bati linaloanguka. Tulipokwenda kutazama tuliwakuta saba, wamesimama penye gamba la chumvi katikati ya ziwa, maana kiangazi kilikuwa kimelikausha. Walikuwa warefu kama ghala la mtama, weusi, wenye unyevu wakati wote hata juani. Hawakuwa na macho wala mdomo. Ungesema ni vichuguu, na ndivyo serikali ilivyowaambia watu wa mbali: ni vichuguu, msiende. Lakini kichuguu hakimfanyi mtu asikie mtetemo nyayoni. Wazungu walikuja kutoka Dodoma na kwingine, wakachomeka nyaya ardhini, wakaandika sana, wakaondoka. Mwishowe Bwana Shauri alimwita mtu pekee aliyekuwa naye kwa kazi ya lugha.

Mkalimani alifika ukingoni amevaa viatu vyake. Akatazama. Kisha akakaa juu ya jiwe, akafungua kamba, akavivua. Watu walisogea kutazama, maana hakuna aliyewahi kuiona miguu ile. Akatembea miguu mitupu juu ya chumvi mpaka akawafikia, akasimama kutwa nzima amefumba macho. Alifanya hivyo miezi minne. Alipiga kisigino, akangoja, akapiga tena. Sikio lililokufa halikumzuia kitu huko. Siku aliyosema kwamba amewaelewa, Bwana Shauri aliweka kiti chake chini ya mwavuli akamwambia, "Waulize wanataka nini."

Kila mtu pale ukingoni alijua swali hilo lina nini ndani yake. Jumbe, mkubwa wetu wa kijiji aliyewekwa na boma, alikuwa amekwisha kututangazia: wakisema wanataka mahali hapa, serikali italizungushia ziwa uzio na sisi tutahamishwa, kama walivyohamishwa wengine kwa ajili ya mbung'o. Hakuna chumvi tena, hakuna makaburi, hakuna nyumba. Na neno hilo lingetoka katika mdomo mmoja tu, mdomo wa mtu aliyemsemea baba mkwe wangu samahani asiyoiomba.

Miaka mitatu aliulizwa swali hilo, na miaka mitatu alileta jibu jipya. Wanasema wamechoka na safari. Wanasema jua la huku ni kali kuliko la kwao. Wanahesabu nyota, bwana, wasubiriwe. Bwana Shauri aliandika yote. Nasi tulihesabu siku.

Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho Bwana Shauri hakuwa nacho. Nilifanya kazi miguu mitupu juu ya chumvi ile ile. Kila asubuhi, nilipoinama kukwangua, nilisikia nyayoni mapigo mawili, kimya, kisha pigo moja zito. Yalikuja hivyo mara tatu, halafu basi mpaka kesho yake. Yalikuwa yale yale leo, jana, na mwaka uliopita. Nikamngojea njiani.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba, mama Yunisi. Chumvi inasemaje?"

"Chumvi haisemi. Wageni wamesema nini leo?"

"Wamesema mvua itachelewa."

"Na jana?"

"Jana walilisifu ziwa."

"Mbona miguu yangu imesikia jambo moja tu, jana na leo?"

Alisimama. Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeona nyoka mlangoni mwake. Kisha akasema taratibu, "Miguu yako ina masikio, mama Yunisi. Yafunike." Akaendelea na safari yake akikwepa matope. Mimi nilikaa na hasira mpaka jioni, kwa sababu nilikuwa nimemkamata, naye badala ya kujitetea akanitisha.

Mwezi huo huo ikatoka amri ya boma, Jumbe akaisoma: ni marufuku kupura nafaka kwa fimbo karibu na ziwa. Anayetaka kupura apande mlimani. Sote tulijua amri hiyo ilitoka wapi. Tulibeba masuke ya mtama na uwele vichwani kupanda kule, tukashuka na nafaka, migongo ikiuma, na nusu ya mavuno ikaliwa na ndege njiani. Kwangu mimi maana ilikuwa wazi. Wanatuzoesha kuondoka. Leo uwanja wa kupuria, kesho nyumba.

Nilivumilia mavuno mawili. Ya tatu sikuvumilia. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikawaambia wanawake wenzangu kwamba uwanja ule ni wa mama mkwe wangu, kwamba udongo wake tuliusiriba kwa mikono yetu na samadi ya ng'ombe wetu, na kwamba mimi asubuhi nitapura, mwenye woga abaki. Walikuja tisa. Tulimwaga masuke, tukajipanga safu mbili zinazotazamana, kama kawaida.

Kwetu safu moja huita na nyingine huitikia. Safu ya kwanza hupiga mara mbili na kuinua fimbo, na ya pili hupiga katika nafasi ile, hivyo fimbo hazigongani na hakuna anayechoka. Mimi nilikuwa safu ya kuitikia. Tulikuwa tumekwisha kupata joto la kazi nilipogundua kwamba safu ya kwanza imesimama, wameinua fimbo na kutazama ziwani, ilhali mapigo mawili bado yanakuja. Yalikuja kutoka chini. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaitikia.

Wageni walitembea. Miaka mitatu hawakusogea hata upana wa kidole, na sasa walikuja saba kwa pamoja, polepole, chumvi ikivunjika chini yao. Wenzangu wote walikimbia. Watu husema mimi nilibaki kwa ujasiri. Nilibaki kwa sababu mkono ulikuwa bado unaitikia. Walifika ukingoni mwa uwanja, wakauzunguka, wakasimama hapo bila kukanyaga punje hata moja.

Mkalimani alikuja mbio, viatu mkononi. Nyuma yake Bwana Shauri na askari wawili wenye bunduki, na mtumishi aliyebeba kile kiti. Bwana Shauri alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Akaketi, akasema lile lile: "Waulize wanataka nini."

Mkalimani aliingia katikati ya mtama wangu. Alinitazama mimi na fimbo yangu. Akamtazama Bwana Shauri juu ya kiti chake. Kisha akaanza kupiga visigino, na alipiga muda mrefu, jasho likimtoka, mtu ambaye barazani alifupisha maisha ya mzee mzima kuwa maneno matatu. Alipomaliza alingoja. Halafu likaja pigo moja tu, jepesi, sijawahi kulisikia kabla.

"Wanaaga, bwana," alisema.

"Hayo tu? Mbona umepiga sana?"

"Lugha yao ni ndefu, bwana."

Wageni waligeuka wakarudi ziwani. Siku ya tatu hawakuwapo. Yalibaki mashimo saba, yakajaa maji ya chumvi.

Hatukuhamishwa. Ungedhani nilishukuru. Nilisema kwa kila aliyetaka kusikia kwamba Mkalimani amewauzia Wazungu kitu pale uwanjani, kwamba amewafukuza wageni waliokuja kwetu, kwamba mguu wangu ni shahidi. Watu waliniamini kwa sababu walitaka kuniamini. Wakaacha kumsalimia. Boma nalo halikumhitaji tena. Walimpa barua na blanketi. Akawafunga mbuzi wake kamba, akavaa viatu, akahamia Kilimatinde, na alipopita mbele ya nyumba yangu Yunisi alilia nami nikamkemea. Jambo hilo linaniuma hata sasa ninapolisema.

Nilimwona tena mara moja tu. Ilikuwa miaka ile ya mwisho, bendera ya Mwingereza bado iko juu lakini kila mtu akizungumza habari za uhuru hadharani. Macho yangu yalikuwa yanaharibika kwa moshi wa chumvi, Yunisi akanipeleka hospitali ya misheni kule Kilimatinde. Nilipokuwa nikingoja nikaona viatu chini ya kitanda, vyeusi, vinang'aa. Nikainua macho, ni yeye, amekonda amebaki macho na masikio.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba. Mama Yunisi amekuja kunilamba vidole."

Nikamwambia nimeleta asali kidogo. Akachovya kidole, akala, mbele yangu. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini sasa. Akasema zamani akila kwa mtu angemtafsiria kwa huruma, sasa hana wa kumtafsiria.

Nilikuwa nimebeba swali langu muda mrefu, nikalitua. "Wale walikuwa wanasema nini kila asubuhi? Usinidanganye, miguu yangu ilisikia."

"Walikuwa wanabisha hodi," alisema.

Nilikaa juu ya kitanda chake bila kukaribishwa.

"Mara tatu kila siku, kisha wanaacha, kama watu wenye adabu," alisema. "Miaka mitatu."

"Na wewe ukasema wanahesabu nyota."

"Ningekwambia wanabisha hodi, ungefanyaje?"

"Ningewajibu karibu."

"Ndiyo maana sikukwambia. Kwetu hakuna anayesikia hodi akanyamaza. Mngewajibu wote, kijiji kizima, na hakuna aliyejua mgeni yule akiingia hukaa wapi, hula nini, huondoka lini. Na Bwana Shauri ningemwambia, angewakaribisha yeye, ndani ya nyumba yangu." Alikohoa. "Halafu wewe na fimbo yako mkawajibu. Mnavyoitikiana kwenye kupura, ndivyo wao wanavyosema karibu. Nilijua tangu mwanzo. Ndiyo sababu ya ile amri."

Aibu ilinijaa mpaka kichwani. Lakini mimi ni mimi, nikauliza tena. "Pale uwanjani uliwaambia nini, muda wote ule?"

"Niliwaambia mwenye nyumba hayupo."

"Uongo."

"Ulikuwa uongo, mama Yunisi? Alikuwapo?"

Nikafikiri. Nilimfikiria mume wangu katika mkonge wa watu. Nilimfikiria Jumbe akisoma karatasi asiyoiandika, na kile kiti kilichobebwa na mtu mwingine mpaka uwanjani kwa mama mkwe wangu.

"Wakajibu kwamba watarudi akirudi," alisema. "Hilo pigo moja. Na sasa nasikia mwenye nyumba yuko njiani, watu wanaimba uhuru barabarani." Akafunua blanketi. Miguu yake ilikuwa imevimba, na rangi yake haikuwa nzuri. "Hii imekufa kama sikio. Daktari anaichoma sindano, sisikii. Wewe bado unakwangua chumvi miguu mitupu?"

"Bado."

"Basi niambie. Wamebisha?"

Walikuwa wamebisha tangu mwezi wa mavuno. Ziwani hapakuonekana kitu, hata kichuguu, lakini kila asubuhi nilipoinama yalikuja: mawili, kimya, moja zito. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata Yunisi. Nilimtazama mtu huyu, nikawaza atakayemsimulia kabla hajafa, wauguzi, padri, yeyote, na jinsi kila mmoja angekimbilia ziwani kusema karibu kwa niaba ya wote. Na mwenye nyumba alikuwa bado njiani. Hatukuwa tumeiona hata sura yake.

"Hapana," nikamwambia. "Hawajabisha."

Alinikazia macho mdomoni, kama alivyowakazia watu wote barazani. Kisha akaitazama miguu yangu chini sakafuni, akacheka kidogo, na kile kicheko kilimchosha. Akaniambia nivute viatu vyake chini ya kitanda nivichukue, yeye havimfai tena. Nilikataa. Akasema si zawadi, ni kazi.

Alikufa kabla ya mvua. Viatu ninavyo. Asubuhi nikishuka ziwani huvivaa, na wanawake wenzangu hunicheka, kwamba mama Yunisi uzeeni amekuwa mtu wa serikali. Nawaacha wacheke. Ni vikubwa kwangu, hivyo navijaza nyasi kwanza, nazikaza kamba sana mpaka masikio ya nyayo yafunikwe, ndipo nakanyaga chumvi.